Kupima kazi ya moyo wa mbwa aliyelala kwa nusukaputi

Ukimlaza mbwa kwa nusukaputi umemwondolea kila njia ya kukwambia kwamba hali yake ni mbaya. Halii, hajikunyati, hakutazami. Kinachobaki kumsemea ni moyo wake, na ni juu yako kuusikiliza tangu sindano ya kwanza mpaka anapoinua kichwa.

Nawaandikia madaktari wa mifugo na wasaidizi wanaofanya kazi katika hali kama yetu huku Wete, Pemba: darasa la skuli wakati wa likizo, meza mbili zimeunganishwa na kutandikwa turubai, umeme unaokuja na kuondoka. Mbwa tunaowafunga uzazi ni wa wasasi na wa wakulima wanaolinda mihogo yao na tumbili. Mashine ya gesi hatuna. Tunalaza kwa sindano za zailazini, dawa ya kutuliza, na ketamini, dawa ya usingizi. Kwa hiyo vifaa vya bei kubwa nitavigusa kwa ufupi, mkono na sikio nitavieleza kwa urefu.

Kabla ya yote, shika hili: moyo ni pampu. Tunataka kujua kama damu inafika kwenye ubongo na figo, si kama kuna kitu kifuani kinadunda tu. Mbwa wa kilo 15 ana damu kama lita 1.3. Kila pigo likisukuma mililita 20, na moyo ukapiga mara 80 kwa dakika, pampu inatoa lita 1.6: damu yote imeshazunguka kabla dakika haijaisha. Pigo likidhoofu likawa la mililita 10, mapigo ni yale yale 80, lakini kazi imekatika nusu. Ndiyo maana kuhesabu mapigo peke yake hakutoshi.

Hatua ya 1: Mpime akiwa macho

Namba za mbwa aliyelala hazikwambii kitu kama hujui alikuwaje akiwa macho. Mweke kwenye mizani, usikisie uzito. Hesabu mapigo akiwa ameshikwa na mwenyewe: mbwa mkubwa aliyetulia hupiga 60 hadi 100 kwa dakika, mdogo 100 hadi 140. Bonyeza ufizi, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi zikiwa nyeupe na mwili umejaa kupe, shuku homa ya kupe; huyo atibiwe kwanza, kisu kisubiri. Weka stetoskopu kushoto, nyuma ya kiwiko, usikilize kama kuna mvumo kati ya pigo na pigo.

Kisha muulize mwenyewe, maana hapa kuna kipimo ambacho hakuna mashine inayokitoa. Siku moja alikuja mzee mmoja msasi na mbwa wake dume, manyoya yanang'ara, mnene wa kupendeza.

"Shikamoo mzee. Huyu akikimbia yukoje siku hizi?"

"Marahaba mwanangu. Mwaka jana akilimaliza bonde zima. Sasa akifika katikati anajilaza, anakohoa."

Nikamweka pembeni hapo hapo. Mbwa wa pwani yenye mbu anayechoka na kukohoa lazima umshuku kuwa na minyoo ya moyo, ambayo mbu ndiye huieneza, nayo hukaa kwenye mishipa mikubwa ya mapafu. Moyo kama huo kuulaza kwa zailazini ni kuutafutia kifo.

Hatua ya 2: Kidole pajani, stetoskopu kifuani

Mpe mtu mmoja kazi hii peke yake. Asishike uzi, asipokee simu, asimfukuze paka dirishani.

Wasaidizi wangu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama mimi, na umajimaji wa mbwa ukimgusa mtu inabidi kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hili lisidharauliwe, kwa sababu msaidizi mwenye wasiwasi hushika paja la mbwa kwa ncha za kucha na hapati mpigo. Ninaweka ndoo ya maji na udongo safi mlangoni, ili kila mtu aingie akijua ataondoka twahara, na ninatoa glavu zinazombana mtu sawasawa. Glavu pana hukunjana chini ya kidole na kuua mpigo mwembamba.

Mbwa amelala ubavu. Kaa upande wa mgongo wake. Pitisha mkono mbele ya paja, vidole viingie upande wa ndani, vikipanda juu mpaka karibu na kinena. Utakuta kijibonde kati ya misuli miwili, na mfupa wa paja chini yake. Mshipa unapita humo. Tumia vidole viwili, usitumie kidole gumba, kwani kina mpigo wake na utajihesabu mwenyewe. Bonyeza taratibu mpaka mpigo upotee, halafu legeza kidogo kidogo mpaka urudi. Pale unaporudi ndipo unapousoma: ni mnene au kama uzi? Una mpangilio au unarukaruka?

Sasa, kidole kikiwa hapo hapo, weka stetoskopu kifuani. Kila pigo la kifuani lazima lijibiwe na mpigo pajani. Ukisikia pigo na kidole kisipate kitu, pampu imepiga bila maji. Pigo moja katika dakika si balaa. Yakiwa matano sita, mwambie mpasuaji asimame. Mrija wa stetoskopu unaoingizwa kooni mpaka usawa wa moyo ni bora zaidi, kwa sababu hauzuiwi na vitambaa vya upasuaji, na kati ya vifaa vyote nilivyonunua hakuna kilichonipa faida kubwa kwa bei ndogo kama hicho.

Hapa wengi hukosea: mpigo wenye nguvu si presha nzuri. Kidole kinahisi tofauti kati ya presha ya juu (moyo ukisukuma) na ya chini (moyo ukipumzika), basi. Mbwa mwenye 90 kwa 30 ana tofauti ya 60, na mpigo wake unaruka chini ya kidole hata ukadhani yu mzima. Presha ya wastani hupatikana kwa kuchukua ya chini na kuongeza theluthi ya tofauti: 30 na 20, jumla 50. Huyo figo zake zinakosa damu. Mwenye 110 kwa 80 mpigo wake ni mwembamba, lakini wastani wake ni 90 na yu salama. Wastani usishuke chini ya 60. Mimi nikiona 70 tayari nimeshaanza kutafuta sababu.

Hatua ya 3: Presha kwa dopla

Dopla, kifaa kinachokusikilizisha damu ikipita mshipani, ndogo ya betri inatosha, na umeme ukikatika haishtuki. Nyoa manyoya nyuma ya kiganja cha mguu wa mbele, juu kidogo ya kile kinyama kikubwa cha kukanyagia. Paka jeli nyingi, weka kichwa cha dopla, sogeza milimita kwa milimita mpaka usikie mvumo unaokuja na kwenda kama wimbi linaloparaza mchanga. Kifunge kwa plasta bila kukaza. Ukikaza unaubana mshipa wenyewe.

Mkanda wa presha uwe na upana wa asilimia 40 ya mzunguko wa mguu. Mguu wenye mzunguko wa sentimita 10 unataka mkanda wa sentimita 4. Ukiwa mwembamba mno utasoma presha kubwa ya uongo, ukiwa mpana mno utasoma ndogo. Mkanda uwe usawa wa moyo pia: mguu ukining'inia sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, unaongeza kama milimita 7 za zebaki zisizokuwepo. Jaza upepo mpaka sauti ife, toa polepole, na pale sauti inaporudi soma namba. Hiyo ni presha ya juu. Isiwe chini ya 90. Pima mara tatu, chukua wastani.

Hatua ya 4: Vifaa vingine ukivipata

ECG inaonyesha umeme wa moyo, na umeme unaweza kuendelea kuchora mistari mizuri huku pampu imesimama. Itumie kusoma mpangilio wa mapigo, usiitumie kuthibitisha uhai. Klipu nyekundu mguu wa mbele kulia, ya njano mbele kushoto, ya kijani nyuma kushoto, nyeusi nyuma kulia.

Oksimita ya ulimini, inayopima oksijeni katika damu, isome zaidi ya asilimia 95, ila zailazini hubana mishipa midogo na kuidanganya, kwa hiyo lowesha ulimi na uihamishe mara kwa mara kabla hujaingiwa na hofu. Kapnografu, kwa aliyejaliwa kuwa nayo, huonyesha hewa chafu inayotoka mapafuni. Kawaida ni milimita 35 hadi 45 za zebaki, na ikianguka ghafla mbwa akiwa bado anapumua, damu imeacha kufika mapafuni. Ultrasaundi ya moyo na katheta ya kupimia mtiririko wa damu ni za hospitali kubwa na watafiti.

Hatua ya 5: Andika kila dakika 5

Mapigo, presha, pumzi, rangi ya fizi, joto. Karatasi na kalamu. Mapigo 70 peke yake hayana habari. Mapigo 110, kisha 95, kisha 82, kisha 70 ndani ya dakika 20 yana habari, na aliyeyaandika ataiona kabla haijawa msiba. Joto likishuka chini ya 36 moyo unapunguza mwendo na atropini, dawa ya kuuharakisha moyo, haiusaidii sana, hivyo tandika kanga chini ya mbwa na uweke chupa za maji ya vuguvugu zilizofungwa kitambaa.

Hatua ya 6: Namba zikianguka

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimlaza jike wa kilo 12, na dakika 10 baadaye mapigo yakawa 44. Niliogopa, nikampa atropini bila kupima presha. Muda si muda mapigo yakafika 190, dopla ikasoma zaidi ya 200, na kidoleni mapigo yakaanza kurukaruka. Zailazini ilikuwa imebana mishipa yake, presha ikapanda, na moyo ukajipunguzia mwendo wenyewe kwa hekima yake. Mimi nikaupiga mjeledi uvute mzigo mlimani. Tuliahirisha upasuaji, nikakaa naye mpaka magharibi. Alipona, lakini sijasahau ulimi wake ulivyokuwa mweupe.

Basi fuata utaratibu huu. Mapigo yakishuka baada ya zailazini, pima presha kwanza. Presha ikiwa nzuri na fizi si mbaya, 45 hadi 60 ivumilie, uwe macho. Presha ya juu ikiwa chini ya 90 na moyo ni wa polepole, hapo atropini ina nafasi yake, miligramu 0.02 hadi 0.04 kwa kilo, au iondoe nguvu zailazini kwa dawa zinazoipinga, yohimbini au atipamezoli. Lakini kama ketamini haijamaliza nusu saa mwilini, kuiondoa zailazini ni kumwachia mbwa ketamini peke yake, atakakamaa na pengine kupata degedege. Fanya hivyo pale tu maisha yanapokuwa hatarini.

Moyo ukienda mbio na presha ikashuka, usitafute dawa, tafuta damu. Hesabu vitambaa vilivyolowa, kagua fundo la mshipa wa ovari, na mpe maji ya mshipani mililita 10 kwa kilo kwa dakika 15, kisha pima tena. Mpigo ukipotea kabisa, acha kutafuta mashine. Mlaze ubavu, bonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kizame theluthi hadi nusu ya upana wake, na mbadilishane kila dakika 2.

Hatua ya 7: Akiamka

Mbwa wengi hupotea baada ya uzi wa mwisho, watu wakiwa wameshaanza kukusanya vyombo. Endelea kuhesabu kila dakika 5 mpaka ainue kichwa, kisha kila robo saa mpaka asimame. Mkabidhi mwenyewe joto likiwa limeshavuka 37 na mpigo wa paja unafuatana na wa kifuani, na mwambie amlaze kivulini, shingo imenyooka, mbali na majamvi ya karafuu yanayoanikwa juani, na asimpe maji mpaka atembee bila kuyumba.