Jinsi ya kuweka sitari kwenye roki ya progresivu: gitaa ndo lifuate

Wengi wakipata sitari, kile chombo cha nyuzi cha Kihindi, wanafanya kitu kilekile, wanamaliza wimbo mzima na bendi halafu mwishoni ndo wanamwita mpiga sitari aje kuongeza ladha, na inatoka kama chai iliyotiwa iliki ikiwa imeshapoa. Sitari ina nyuzi 18 mpaka 21 hivi. Zile 6 au 7 za juu ndo unapiga, zilizobaki zinapita chini ya freti (vile vyuma vya shingoni), zinaitwa tarab, nazo huzipigi, zinaitika zenyewe sauti yao ikitajwa. Hizo za chini ndo zinaamua kii (sauti ya msingi ya wimbo), kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), hata gitaa likae wapi, kwa hiyo anza nazo.

Hatua ya 1: kii

Sitari nyingi Sa yake, yaani do, inakaa C#, wengine wanaweka D. Usiipandishe mpaka E eti kwa sababu mpiga gitaa kazoea E, utakata nyuzi bure. Gitaa na besi ndo zishuke nusu sauti, halafu uzi mnene wa gitaa uushushe sauti nzima zaidi, hapo unapata C# nzito kabisa na mpiga gitaa anashika vilevile kama yuko D.

Hatua ya 2: kutyuni tarab

Hapa tulia, usikimbizwe na mtu. Kwanza chagueni sauti za wimbo. Roki ya progresivu inapenda sana skeli (mpangilio wa sauti) ya dorian, na Wahindi wana skeli yao ya Kafi ambayo ni sauti zilezile 7, basi mmeshakutana. Tarab zote zityuni kwenye sauti hizo tu, usiweke nyingine.

Mi nafanya hivi: nachukua kikaratasi kidogo kuliko ukucha, nakikunja katikati kama paa la kibanda, nakikalisha juu ya uzi mmoja wa tarab pale karibu na daraja (kipande kinachobeba nyuzi) ambapo freti zimeisha, halafu napiga sauti yake kwenye uzi mkuu. Kikaratasi kikicheza na kudondoka, uzi uko sawa. Kikikaa kimya nazungusha kigingi kidogo, kidogo sana, napiga tena. Uzi wa pili hivyohivyo, wa tatu, mpaka ziishe zote 11 au 13, na nusu saa inaweza kwenda hapo lakini zikishakaa unapiga sauti moja unaachia na chombo kizima kinaendelea kuimba mapajani mwako, aisee, mimi mpaka leo huwa nanyamaza kidogo kusikiliza.

Hatua ya 3: kodi

Mkibadilisha kodi kila baa (kila mzunguko mmoja wa mdundo), tarab zinakuwa bado zinaitika ya nyuma wakati gitaa limeshahama, na ule mchafuko hautoki hata ukae na mikisa usiku kucha. Sitari ikiwa inaongea gitaa lishike Sa na Pa (yaani sol) tu, besi ndo itembee. Yale mageuzi makubwa ya kodi yawekeni sehemu ambayo sitari imenyamaza.

Kama wimbo hauwezi kukaa bila kodi nyingi basi tafuta sitari ya umeme. Ile Coral aliyoibuni mpiga gitaa Vinnie Bell ikaingia sokoni 1967 ni gitaa kabisa, nyuzi 6 zinatyuniwa kama gitaa, daraja pana lililolala ndo linaleta ule mlio wa nyuki, na pembeni kuna nyuzi 13 za kuitika. Steve Howe, mpiga gitaa wa bendi ya Yes, kaipiga kwenye wimbo wa Siberian Khatru mwaka 1972, na sitari ya umeme utaisikia tena 1973 kwa bendi ya Genesis kwenye wimbo wa I Know What I Like. Tamu sana, ila ni kitu kingine.

Hatua ya 4: mdundo

Mdundo wa mapigo 7 mnaoupenda Wahindi wanao, unaitwa Rupak, unahesabiwa 3+2+2. Wapiga dramu wengi wa roki wanahesabu 2+2+3. Pigeni makofi pamoja kabla hamjagusa chombo, la sivyo mtagongana na kila mtu ataona mwenzake ndo kakosea.

Hatua ya 5: nafasi

Utamu wa sitari uko kwenye kuvuta, wanaita meend, unabana freti moja na kuuvuta uzi pembeni mpaka unapanda sauti hata 4 au 5. Sisi tuliokulia na filamu za Kihindi masikio yetu yanaijua hiyo. Sasa gitaa la distoshen likijaa hapo linaifunika yote, kwa hiyo likae kimya kwa baa 2 mpaka mvuto ufike.

Hatua ya 6: kurekodi

Usirekodi chumba kimoja na dramu. Nilishafanya hivyo studio moja, kila snea ikigongwa tarab nazo zinalia, ikabidi turudie wimbo wote. Maiki ya kondensa iweke kama sentimita 30 kutoka kwenye ubao wa mbele, isielekee daraja moja kwa moja, na acha nafasi kwenye levo maana pigo la mizrab (kile kiwaya cha kidoleni cha kupigia) linaruka ghafla. Kabla ya kila teki angalia tyuni upya. Na sauti ya mwisho ikishapigwa asisogee mtu, hesabu mpaka 10 maiki ikiwa wazi, tarab bado zinaimba na huo mkia utauhitaji kuvukia sehemu inayofuata.