Umepanda sangari, mahindi utapanda wapi?

Mwaka wa kwanza niliporudi Rhotia, Karatu, kulima ekari tatu alizoacha marehemu baba, nilikodi trekta lenye haro, zile sahani za chuma zinazokatakata na kulainisha udongo. Sangari, nyasi sugu inayotambaa kwa mizizi chini ya udongo, ilikuwa imetanda shamba zima, nami nilitaka kuimaliza kwa siku moja. Haro ilipita mara mbili. Udongo ukawa mwekundu, laini, wa kupigia picha. Jirani yetu, mzee wa makamo ya baba, alisimama mpakani na fimbo yake akatazama kwa muda, kisha akaniambia, "Binti yangu, umepanda sangari vizuri kweli. Mahindi utapanda wapi?"

Nilicheka. Mvua za Novemba zilipoanza niliacha kucheka. Kila kipande kilichokatwa na zile sahani kilikuwa na fundo, na kila fundo lilitoa jani. Mwaka ule nilipalilia mara nne, na bado mahindi yalikuwa ya njano kama yamelala njaa.

Kwa hiyo nianze hapo. Magugu sugu hayalingani, na kosa kubwa ni kuyapiga yote kwa chombo kimoja. Sangari uhai wake uko kwenye mzizi unaotambaa chini. Ndago kauweka kwenye vitunguu vyake vidogo. Gugu karoti na mbaruti wao wanategemea mbegu. Jua kwanza gugu lako limejificha wapi, ndipo uchague jembe.

Sangari

Mimi naianza kiangazi, nikishavuna mwishoni mwa Julai. Ng'ombe wanaingia kwanza wanamaliza mabua na majani. Baada yao naingia na jembe uma, lile la meno. Jembe bapa liache nyumbani, maana linakata. Jembe uma linainua bonge zima la udongo, ukilikung'uta unabaki na kamba ndefu nyeupe yenye ncha kali kama shazia. Kwangu mizizi mingi iko ndani ya sentimita 20 za juu, kwa hiyo hakuna haja ya kuchimba kisima.

Kamba hizo usiziache juu ya udongo ukidhani jua litazimaliza. Zile zilizogusa udongo wenye unyevu zinashika tena. Nazibeba kwa kiroba hadi kwenye mawe kando ya banda, nazitandaza zikauke mpaka nikizikunja zivunjike kwa mlio. Hapo ndipo ninapozichoma au kuwatandikia ng'ombe. Kwenye shimo la mboji haziingii zikiwa mbichi. Niliwahi kufanya hivyo, na mwaka uliofuata nikawa naisambaza sangari kwa toroli langu mwenyewe, tena ikiwa na mbolea yake.

Vibarua hawaipendi kazi hii, nami siwalaumu. Huku kwetu palizi hulipwa kwa ngwe, na mtu anayelipwa kwa ngwe atakata na kufukia ili amalize ngwe yake aende. Ni haki yake. Kwa kazi ya sangari nalipa kwa siku, na mwenyewe nakuwa shambani. Isitoshe sifanyi zaidi ya nusu ekari kwa kiangazi kimoja. Nusu ekari iliyosafishwa kweli ni bora kuliko ekari tatu zilizokwaruzwa.

Baada ya wiki tatu hivi, na tena mvua za kwanza zikishanyesha, pita upya. Vipande vilivyobaki vitachungulia vyenyewe, na wakati huo udongo ni mlaini, unang'oa kwa mkono. Kisha usiache mahali pale wazi. Mimi napanda ngwara, hii ambayo wanunuzi kutoka Kenya wanaiita njahi. Naipanda karibu karibu. Ikishafunika ardhi, sangari iliyobaki inakosa jua na kudhoofika. Unavuna, unauza, na gugu linanyongwa bila kulipwa kibarua.

Wengi wataniuliza habari ya dawa. Naitumia pale ambapo eneo ni kubwa kuliko mikono yangu. Dawa yenyewe ni glaifosati, ya kuua magugu. Inaingia kwa jani na kushuka hadi kwenye mzizi, na hilo jani ndilo watu wanalolisahau. Ukipuliza Agosti, sangari ikiwa ya njano imejaa vumbi, umemwaga pesa chini. Subiri mvua, iache ichipue majani mabichi ya urefu wa kiganja au zaidi, ndipo upulize asubuhi ambapo hakuna upepo, siku ambayo hutarajii mvua kwa saa sita hivi. Kisha usiguse shamba. Mtu anaona majani hayajakauka siku ya nne, anaingia na plau, anakata mzizi kabla dawa haijafika. Subiri siku 7 kwa uchache. Mimi nangoja 14.

Jambo lingine ni maji. Maji ya tope ya mferejini yanaiua nguvu glaifosati, kwa sababu inang'ang'ania chembe za udongo. Tumia maji safi kama ya kunywa. Kipimo fuata kibandiko cha chupa yako, maana nguvu ya dawa inatofautiana chupa na chupa. Vaa buti, glavu, na kitu cha kufunika pua na mdomo. Dawa isiguse mahindi wala maharage, kwani haichagui. Bomba usilioshee mferejini, kuna watu wanachota chini yako.

Ndago

Huku juu ndago siyo tatizo kubwa. Nilikutana nayo Mang'ola, kule chini karibu na Ziwa Eyasi, nilikokodi nusu ekari ya kulima vitunguu kwa maji ya chemchemi. Ukiwa na shaka kama ni ndago au nyasi, shika shina lake chini ya ua, ulizungushe kati ya vidole. Shina la ndago lina pembe tatu. Nyasi ni mviringo au bapa.

Ukiikata juu, siku chache imerudi. Chini kuna kitunguu kidogo cheusi, na kutoka kwenye hicho kuna uzi unaokwenda kwenye kingine, na kingine tena, kama tasbihi iliyozikwa. Ukivuta jani, uzi unakatika na punje zote zinabaki. Dawa nayo inaua punje zinazolisha majani, zile zilizolala usingizi hazishtuki. Ndiyo maana mtu anapuliza, anafurahi, halafu baada ya mwezi anasema ameuziwa dawa feki.

Nilichofanya kikanisaidia ni kuidanganya. Niliandaa matuta kama vile napanda, nikamwagilia, nikaacha bila kitu. Ndago ikatoka yote kwa furaha. Wiki ya tatu, kabla haijatengeneza punje mpya, tukaichimba kwa jembe uma pamoja na vitunguu vyake, tukaanika juu ya turubai. Punje ya ndago inaogopa kukauka. Jua kali la wiki mbili linaimaliza, mradi isiguse udongo. Tukamwagilia mara ya pili, tukarudia. Ndipo nikapanda. Kodi ya shamba ilikuwa inahesabika wakati wote huo, na mwenye shamba alinishangaa, lakini palizi za msimu ule zilipungua hadi mbili.

Zao lenyewe pia lina lake. Kitunguu kina majani membamba yaliyosimama, hakina kivuli, na ndago haina adui mkubwa kuliko kivuli. Mwenye vitunguu juu ya vitunguu mwaka hadi mwaka anaifuga ndago. Weka viazi vitamu au maboga msimu mmoja katikati. Kama una nguruwe na uzio wa uhakika, wafungie pale baada ya mavuno. Wanafukua punje na kuzila kama karanga. Uzio wa uhakika, nasisitiza. Wa kwangu walivuka wakafukua mihogo ya watu.

Nailoni nyeusi ya kufunika matuta usiinunue kwa ajili ya ndago. Inaitoboa.

Gugu karoti na mbaruti

Gugu karoti lilikuja na lori la mchanga wa kujengea choo. Sikulijua. Niliona mmea wenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe kama vichwa vya pini, nikasema mwanangu atang'oa akitoka shule. Aling'oa kwa mikono mitupu, jioni mikono ikavimba vipele na kuwasha usiku kucha. Hili si gugu la kuchezea: linadhuru ngozi, linawabana kifua wenye pumu, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu.

Kwa kuwa linaishi kwa mbegu, kazi yote ni kuliwahi kabla ya ua. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na kutoka kuota hadi kutoa maua wiki nne hadi sita zinatosha. Vaa glavu na mikono mirefu, ng'oa udongo ukiwa na unyevu ili litoke na mzizi, maana ukilifyeka linachipua. Likiwa bado bichi bila ua, liache likauke pale pale. Likiwa limeshatoa maua, liweke kwenye kiroba taratibu bila kulikokota shambani, ulichome. Halafu pakumbuke pale lori liliposhusha. Mimi nilipaweka jiwe, na kwa miaka mitatu kila baada ya mvua napita hapo kabla ya kwenda popote. Mchanga, samadi ya kununua, matairi ya trekta la kukodi, vyote hivyo ni usafiri wa magugu.

Mbaruti nililijua jina lake kanisani kabla sijaliona shambani. Majani yana miiba na mishipa myeupe, ua ni la njano, na ukilikata linatoa utomvu wa njano. Asili yake ni Mexico. Linapenda pale mifugo ilipolala na kando ya mifereji. Lenyewe ni jepesi: likiwa bado limelala chini kama sahani, likate kwa jembe kali sentimita tatu au nne ndani ya udongo, halirudi. Ukichelewa likasimama na kufunga vitumba vya miiba, utaumia mikono na mbegu zitakaa udongoni miaka. Angalia pia unapopura nafaka. Mbegu zake ni nyeusi, za mviringo, zinafanana na za haradali, na mafuta yake ni sumu. Mwaka 1998 mafuta ya haradali yaliyochanganyika nazo yaliua watu Delhi, India. Pepeta na uchague.

Kiduha sina, namshukuru Mungu. Wifi yangu yuko Kanda ya Ziwa, yeye anacho. Kinanyonya mahindi kwenye mizizi kabla hata hakijatokeza juu, kwa hiyo ukikiona hasara imeshaingia. Yeye huking'oa kabla ya ua la zambarau kutoa mbegu, anaweka samadi, na mtama au mahindi hayarudii shamba lile lile mfululizo. Anaingiza karanga au kunde.

Shamba langu la juu sasa limebaki na ukanda mmoja wenye sangari, upande wa mashariki, hatua kama sitini. Ng'ambo ya mpaka mwenye shamba yuko mjini na hajalima miaka minne, na mizizi inavuka usiku na mchana. Nimechimba mfereji wa kina cha jembe kati yetu, na nikiona ncha nyeupe imetokeza ukutani naikata na kuitoa. Kila Jumamosi ya pili nina kama saa moja pale. Yule mzee anapita na fimbo yake, anachungulia ndani ya mfereji, haniambii kitu.