Mteja kaondoka, prosesi bado inakwenda: namna ya kuitoa kwenye PostgreSQL

Kama seva yako ipo Mjini na matawi yako Wete na Chake, hichi kitu utakutana nacho tu. Umeme unakatika Wete, kompyuta na rauta zinazima papo hapo, lakini huku kwenye seva yule mtu bado yumo, na mara nyengine kashika loki (kufuli la data) mpaka Chake hawawezi kusevu. Kompyuta iliyozimika ghafla haiagi, na PostgreSQL, yani programu ya hifadhidata, ikiwa imeshughulika na kwiri (ombi la data alilotuma mteja) haimtazami mteja, inakuja kujua hayupo pale inapotaka kumpa majibu yake.

1. Tazama nani yumo

`SELECT pid, client_addr, state, now() - state_change AS muda, query FROM pg_stat_activity WHERE backend_type = 'client backend' ORDER BY state_change;`

`pid` ni namba ya prosesi. Angalia khasa `state`. `active` kwiri inakwenda. `idle` imekaa tu, inakula nafasi (`max_connections` usipoigusa ni 100). Ilo mbaya ni `idle in transaction`, yani kaanza transaksheni (kundi la amri linalopita lote au linafutwa lote) hajakomiti, hajaithibitisha, loki zake zote bado anazo.

2. Nani kamzuia nani

`SELECT pid, pg_blocking_pids(pid) FROM pg_stat_activity WHERE cardinality(pg_blocking_pids(pid)) > 0;`

Ukishapata pid ya anayezuia (ipo safu ya pili, ya kwanza ni ya aliyezuiwa) usikimbilie kukata, piga simu tawini kwanza, inawezekana mtu yupo kweli na anasubiri ripoti ya mwezi.

3. Itoe

`SELECT pg_cancel_backend(18342);` (18342 ni mfano, weka pid yako) inasimamisha kwiri peke yake, koneksheni inabaki. Kwa `idle in transaction` haisaidii mana hakuna kwiri ya kusimamisha, hapo tumia `SELECT pg_terminate_backend(18342);`, transaksheni inarudishwa nyuma na loki zinaachiwa.

Tafadhalini sana msitumie `kill -9`, ile amri ya Linux ya kuua prosesi kwa nguvu. Prosesi moja ikifa vile PostgreSQL inahofia memori ya pamoja imeharibika, kwa hivyo inawatoa watu wote waliomo, inaanza rikava (kujirejesha), na ulotaka kumtoa ni mmoja wa Wete tu sasa hata Mkoani wanakupigia simu.

4. Izuie isirudi

Linux usipoibadilisha inangoja sekunde 7200 za kimya ndo ianze kuuliza kama mteja yupo, halafu inauliza mara 9 kila sekunde 75, zaidi ya saa mbili hizo. Punguza:

```
ALTER SYSTEM SET tcp_keepalives_idle = 60;
ALTER SYSTEM SET tcp_keepalives_interval = 10;
ALTER SYSTEM SET tcp_keepalives_count = 6;
ALTER SYSTEM SET client_connection_check_interval = '10s';
ALTER SYSTEM SET idle_in_transaction_session_timeout = '5min';
SELECT pg_reload_conf();
```

Huo mstari wa nne unataka toleo la 14 kwenda juu, na ndo unaoifanya seva imtazame mteja huku kwiri inakwenda, ila peke yake hautoshi umeme ukikatika, lazima uwe pamoja na hizo kipalaivu (mistari mitatu ya `tcp_keepalives`). Hizo dakika 5 zikiwakata watu wanaojaza fomu basi tatizo ni programu, haifai kufungua transaksheni mtu akiwa bado anaandika, mrudishieni aliyeitengeneza.

5. Jaribu

Kwenye kompyuta nyengine fungua koneksheni mpya, andika `SELECT pg_sleep(600);` kisha chomoa waya wa netiweki. Rudia kwiri ya hatua ya 1, kwa mipangilio hii pid inatakiwa ipotee baada ya kama dakika mbili. Ikibaki, ukiwa umeingia kupitia netiweki andika `SHOW tcp_keepalives_idle;` uone kama imeshika 60.