Somo: Kusuka gurudumu la baiskeli nyumbani na kulitunza kwenye hewa ya chumvi

Assalaam aleikum jamaa. Maswali kuhusu spoki yamekuwa mengi, nami nimeona heri niandike yote pahali pamoja. Nimechagua gurudumu la nyuma la matundu 36, kwa sababu hapa Mombasa ndilo linaloumia: mikate alfajiri, madafu mchana, na jioni mtu kapakiwa nyuma.

Jambo moja mlishike tangu mwanzo. Gurudumu zuri si lile lililonyooka tu, ni lile ambalo spoki zake zimekazwa sawasawa. Unyoofu huonekana kwa macho, ndiyo maana kazi ya haraka huishia hapo. Mkazo hauonekani, na ndio unaoamua kama utafika Mtwapa bila kusikia "ta!" chini yako.

Tayarisha habu (kitovu cha gurudumu), rimu, spoki na nati zake (chukua nati za shaba, hazishiki kutu), spana ya spoki, bisibisi bapa, chaki na grisi. Stendi ya kunyooshea si lazima. Geuza baiskeli kichwa chini, mipira ya breki itakuonyesha rimu inapoyumba.

Urefu wa spoki: pima ya zamani kutoka ndani ya kona yake hadi ncha ya hesi (mikato ya skrubu inayoingia kwenye nati). Rimu na habu zikiwa za aina ileile, nunua urefu uleule. Ukibadilisha kimoja, nenda navyo dukani upimiwe. Kwa baiskeli za gia, spoki za upande wa cheni huwa fupi kwa milimita chache, basi usizichanganye.

Kusuka kwenyewe. Paka hesi za spoki grisi kidogo. Habu ina mashavu mawili, yaani visahani vya pembeni, kila shavu matundu 18. Anza na shavu la upande wa cheni: tia spoki 9, ukiruka tundu moja moja, vichwa vibaki nje. Ya kwanza ifunge kwenye tundu la rimu lililo jirani na tundu la valvu, ila litazame vizuri kwanza. Matundu ya rimu yameegemea kushoto na kulia kwa zamu, na spoki ya upande wa cheni inataka tundu lililoegemea upande wa cheni. Zinazofuata zifunge kila tundu la nne, maana yake unaacha matatu matupu katikati.

Geuza gurudumu. Matundu ya shavu la pili hayalingani na ya kwanza, yamekaa katikati yake. Tia spoki 9 vilevile, kila moja iende tundu lililo ubavuni mwa spoki ya upande wa kwanza, na zisikatizane. Zikikatizana, umehama tundu moja. Fungua sasa hivi, usiseme utarekebisha mbele.

Sasa zungusha habu kwa mkono mpaka spoki zilale, ile ya kwanza iegemee mbali na valvu. Ukiielekeza upande mwingine, spoki zitapita juu ya valvu na pampu haitaingia. Spoki 18 zilizobaki hutiwa kutoka ndani, vichwa vikae ndani ya shavu, nazo huelekea upande wa pili. Kila moja hukutana na tatu za shavu lake: mbili inazipita kwa nje, ya tatu inapita kwa ndani. Hapo pa tatu utaipinda kidogo kwa kidole. Usiogope, inataka kupindwa.

Kukaza. Zungusha nati zote mpaka hesi zifichike tu, halafu anzia kwenye valvu ukikaza nusu mzunguko kila moja. Angalieni hapa, wengi hupotea: ukitumia bisibisi upande wa tairi, kulia ni kukaza. Ukitumia spana kutoka upande wa habu unaitazama nati kwa nyuma, kwa hiyo kulia unalegeza.

Rimu ikipanda juu mahali, kaza spoki za pande zote mbili pale. Ikienda kulia, legeza kidogo za kulia, kaza za kushoto, robo mzunguko na usizidishe. Kisha toa gurudumu, ulirudishe kinyume kwenye fremu. Rimu ikikaa palepale katikati, sawa. Ikihama, vuta upande mmoja wote.

Halafu gonga spoki kwa ukucha na usikilize, kama mtu anayepatanisha nyuzi za udi. Spoki za upande mmoja zitoe sauti moja. Kwa baiskeli za gia, upande wa cheni utakuwa na sauti ya juu zaidi, ndivyo inavyotakiwa. Inayonguruma chini imelegea hata kama rimu imenyooka. Mwisho, shika spoki mbili zinazolala sambamba, zibane kwa nguvu kwa viganja, zunguka gurudumu zima. Utasikia zikilia zinapokaa mahali pake. Nyoosha tena. Ncha ikichomoza ndani ya rimu piga tupa, kisha funika kwa ukanda wa tyubu kuukuu.

Matunzo ni mepesi. Ukipita ufuoni, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, tia tone la mafuta pale nati inapoingia kwenye rimu. Gurudumu jipya ligonge spoki tena baada ya wiki chache.

MASWALI

Fundi, nabeba mikate kutoka Kongowea. Spoki za upande wa cheni hukatika kila mara, tena konani. Nizilegeze?

La, kaka. Zinakatika kwa sababu ya kulegea. Mzigo ukishuka, spoki za chini hupungukiwa mkazo. Iliyolegea hucheza kila mzunguko, na chuma kinachochezwa hivyo huchoka, kikakatika kwenye kona. Kama zimekatika nyingi, badilisha za upande huo zote, zilizobaki zimeshachoka. Friwili (gia ya nyuma inayovutwa na cheni) itabidi itoke kwanza.

Nati zimeganda kwa kutu, spana inazila. Nifanyeje?

Tia mafuta, acha usiku kucha, asubuhi jaribu kulegeza kwanza kabla ya kukaza. Ikikataa, kata spoki uweke mpya. Rimu ni ghali kuliko spoki.

Salaam fundi. Baiskeli ya marehemu baba ina breki za vyuma (za fito, si za waya), nataka kuiwekea rimu ya alumini. Yafaa?

Pole kwa msiba, dada. Breki zile hushika rimu kwa upande wa ndani, zinataka rimu ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ya alumini ya kawaida haina pa kushikwa. Lakini ya chuma ikilowa mvua hushika vibaya, punguza mwendo mapema. Pia hesabu matundu: nyingi za Uingereza zina 32 mbele na 40 nyuma.

Kijana wangu ameona spoki zilizonyooka moja kwa moja kutoka habu. Naweza kusuka nyuma hivyo?

Mbele inawezekana, kama habu imeruhusiwa. Nyuma usifanye. Ukikanyaga pedali, habu inataka kujizungusha ndani ya rimu, na spoki iliyolala ndiyo inayoivuta rimu. Mvumbuzi James Starley alisajili usukaji huo wa kulaza spoki Uingereza mwaka 1874, na magurudumu ya kubeba mzigo yangali yakisukwa hivyo.