Kombe la Dunia 2026: mambo ya kuweka sawa kabla ya filimbi

Kombe la Dunia linaanza Alhamisi, tarehe 11 Juni, Mexico City, na kwa sisi wa Afrika Mashariki kitu cha kwanza kukipangia ni usingizi. New York iko nyuma yetu kwa saa 7, Dallas 8, Mexico City 9, Los Angeles na Seattle 10. Mechi ya ufunguzi inatukuta saa 4 usiku, na fainali ya Jumapili tarehe 19 Julai vilevile. Hizo hazina taabu. Taabu ni zile za jioni za huko. Mpira ukianza saa 12 jioni Los Angeles, hapa ni saa 10 alfajiri na siku imeshageuka: ratiba inasema Ijumaa, wewe unaamka Jumamosi. Kaa chini na kalamu, andika saa za hapa, bandika ukutani. Mechi ni 104. Chagua mapema zile za kukeshea, nyingine utasikia matokeo kazini.

Halafu king'amuzi. Haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi, ndiyo maana chaneli anayotazama shemeji yako Muscat huenda isifunguke Dar es Salaam. Usimuulize wakala kama wanaonyesha Kombe la Dunia, maana atakujibu ndiyo. Muulize ni mechi zote au baadhi, chaneli ipi, kifurushi kipi. Chaneli za bure mara nyingi hupata sehemu tu ya mechi. Na piga hesabu ya siku: kifurushi cha siku 30 ukikilipia siku ya ufunguzi, kinakukatikia tarehe 11 Julai, robo fainali zikiwa bado zinachezwa. Lipia tena siku mbili tatu kabla hakijakatika. Mwaka mmoja nililipia nusu saa kabla ya nusu fainali. Hela ikakatwa, chaneli ikabaki imefungwa, na huduma kwa wateja wakanipigia muziki hadi mapumziko.

Kama una dishi, litazame. Upepo wa masika hulisogeza kidogo tu, na hugundui mpaka picha ianze kukatakata. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, angalia mstari wa ubora wa mawimbi, mwite fundi wiki hii na si usiku wa mechi. Umeme wa LUKU nao usiuache ubaki yuniti mbili.

Wa simu wana hesabu zao. Picha ya kawaida hula kama GB 1 kwa saa, ile kali inaweza kufika GB 3, na mechi pamoja na mapumziko ni karibu saa mbili, bila dakika za nyongeza. Pakua programu ya mwenye haki, ingia, jaribu na mechi yoyote ndogo. Zile linki zinazorushwa kwenye magrupu dakika tano kabla ya mpira achana nazo. Ikikuomba namba ya kadi au ikikutaka upakue faili ndipo uone picha, hapo hakuna mpira. Jua pia kwamba mtandaoni picha huchelewa. Jirani mwenye dishi atapiga kelele za goli wakati wewe unaona kona inapigwa, na grupu la WhatsApp litamaliza uhondo uliobaki. Lizime.

Wa kibanda umiza, kaongee na mwenyewe. Wengi hufunga usiku wa manane, na kufungua saa 10 alfajiri kwa wateja sita hakumlipi. Mkijikusanya ishirini mkamwahidi, pengine.

La mwisho ni bando la usiku: soma linaisha saa ngapi. Mechi ya saa 10 inamalizika karibu na saa 12, na bando likikata saa 11 kamili, kipindi cha pili utakisikiliza redioni. Kanunue betri.