Ujifunzaji mseto darasani: vishikwambi vinane, wanafunzi 48, bila intaneti

Ujifunzaji mseto ni kuchanganya masomo ya kwenye kifaa na ya mwalimu. Usianze na intaneti. Shule ikikimbilia kununua bando, video hukwama katikati na kipindi huisha watoto wakitazama kiduara kinachozunguka. Tumia seva ndogo, yaani kompyuta inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa vishikwambi: Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) au laptopu ya zamani iliyowekwa Kolibri, programu ya bure ya masomo inayofanya kazi bila mtandao. Masomo hupakuliwa mara moja, popote penye mtandao mzuri. Darasani ruta (kifaa cha Wi-Fi) huunganisha vishikwambi na seva, basi.

Kisha piga hesabu ya umeme. Kishikwambi chenye betri ya mAh 5000 hubeba takriban Wh 18.5 (Wh ni wati-saa, kipimo cha nishati; mAh na Ah hupima ujazo wa betri). Vinane ni Wh 148. Tenga 200, maana kuchaji kunapoteza. Seva ya wati 6 kwa saa sita hula Wh 36. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1200, ila usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Bado inatosha. Seva isizimwe kwa kuchomoa waya: umeme ukikatika memori kadi inapoandikwa, masomo yanaweza kuharibika. Weka kadi ya pili yenye nakala.

Sasa ratiba, na hapa ndipo mipango mingi huvunjikia. Vipindi viwili mfululizo ni dakika 80: utangulizi 6, mizunguko mitatu ya dakika 20, kuhama mara mbili kwa dakika 3, kufunga 8. Makundi matatu ya watoto 16: vishikwambi, mazoezi ya daftari, mwalimu.

Kosa la kawaida ni kuweka mazoezi yanayotegemea video ya leo. Kundi linaloanza na daftari halijaiona, kwa hiyo linakaa kupiga soga. Mazoezi yawe ya somo la jana.

Kwenye vishikwambi watoto hukaa wawili wawili: mmoja anagusa kioo, mwenzake anaandika, wanabadilishana dakika ya 10. Bila zamu hiyo, mjanja hakiachii. Video isizidi dakika 6, ifuatwe na maswali.

Jioni, fungua ripoti za mwalimu kwenye Kolibri, uone swali lililowashinda wengi. Ndilo utakalofundisha kesho kwenye kundi linalokaa nawe. Ila ripoti humhesabu aliyeingia kwa akaunti yake tu, si mwenzake, kwa hiyo wapokezane kuingia kila siku.