Kamera ya HD kwa harusi ya ukumbini: kuichagua na kuitega kabla MC hajashika maiki

Sherehe ya ukumbini haina marudio. Bibi harusi akishaingia ameingia, keki ikishakatwa imekatwa. Ndiyo maana kamera ya kazi hii siichagui kwa uzuri wa picha peke yake. Naanza na swali hili: itarekodi tangu maharusi wanaingia hadi zawadi ya mwisho bila kusimama, huku ikipokea sauti safi?

Hatua ya 1: Chagua kamera

Angalia kwanza muda wa kurekodi. Kamera nyingi za picha za mnato za miaka ya nyuma, Sony A7 III ya 2018 ikiwemo, hukata zikikaribia dakika 30. Chanzo kikubwa kilikuwa ushuru wa Umoja wa Ulaya kwa vifaa vilivyoweza kurekodi nusu saa au zaidi. Nasaha za wazazi zinaweza kukatikia hapo hapo. Panasonic GH5 ya 2017 haina kikomo hicho, wala kamera zilizoundwa kwa ajili ya video tangu mwanzo.

Kisha tafuta matundu mawili ya XLR kwa ajili ya sauti, vichujio vya ND (vioo vya kupunguza mwanga) ndani ya kamera kwa ajili ya jua, na nafasi mbili za kadi. Sony PXW-Z90 ina vyote hivyo, pamoja na sensa ya inchi 1, na ukiikuta iliyotumika ikiwa katika hali nzuri ichukue.

Usibabaishwe na 4K. Pikseli zake ni mara 4 ya HD kamili ya 1920 kwa 1080, na mzigo huo utaubeba wewe wakati wa kuhariri, ilhali mteja ataangalia kwenye runinga ya sebuleni na kurusha vipande WhatsApp. Mimi nachagua HD ya biti 10, 4:2:2 (inayohifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi), kuliko 4K ya biti 8. Taa za zambarau na bluu za ukumbini zikihitaji kurekebishwa rangi, biti 8 huvunjika mistari mistari.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kadi

HD ya megabiti 50 kwa sekunde hula takriban GB 22.5 kwa saa. Kadi ya GB 64 itakupa saa 2 na nusu hivi, ya GB 128 kama saa 5. Nunua yenye alama ya V30 (kasi ya kuandika isiyopungua megabaiti 30 kwa sekunde), uifomati ndani ya kamera yenyewe, na uwashe kurekodi kwenye kadi zote mbili kwa pamoja.

Hatua ya 3: Fremu na shata

Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) sekunde 1/50. Ukitumia 1/60, taa nyingi za ukumbini zitaleta mistari inayotembea kwenye picha, na kuiondoa baadaye ni kazi ngumu sana.

Hatua ya 4: Shela na uso

Hapa ndipo harusi nyingi huharibika. Ukiiachia kamera ijipimie mwanga, shela jeupe likijaa kwenye fremu itatia giza kila kitu na uso wa bibi harusi utapotea. Ikigeukia suti nyeusi, itafungua lenzi hadi shela liungue. Zima otomatiki.

Washa michirizi ya zebra, ile inayoonyesha kwenye skrini sehemu zenye mwanga mwingi, kwenye asilimia 95. Fungua lenzi hadi michirizi itokee kwenye shela, kisha rudi nyuma taratibu hadi ibaki kwenye shanga zinazong'aa tu. Uso ukiwa bado mweusi mno, usiguse lenzi tena, ongeza taa. Iwe pana, yenye kitambaa cha kulainisha, na itoke ubavuni. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, na taa ndogo kali iliyo juu ya kamera huacha doa jeupe kwenye paji la uso, basi.

Rangi nayo ipime kwa mkono: mtu ashike karatasi nyeupe kwenye meza ya maharusi, taa kuu zikiwa zimewaka, za DJ zikiwa zimezimwa.

Hatua ya 5: Sauti

Fika mapema uongee na DJ kwa heshima. Mwombe tundu la kutolea sauti kwenye mikisa yake, lisiloguswa akipandisha muziki. Liingize chaneli 1, na swichi iwe LINE. Ukiiacha kwenye MIC, sauti itapasuka hata ukiishusha. Hakikisha pia +48V, umeme ambao kamera hupeleka kwenye maiki, imezimwa kwenye chaneli hiyo.

Chaneli 2 weka maiki ya juu ya kamera. Usiidharau: vigelegele havipiti kwenye mikisa, na harusi isiyo na vigelegele inasikika kama kikao. Kwenye kipimo cha sauti cha kamera, maneno ya MC yacheze karibu na -12 dB, na chochote kisiguse 0. Vaa hedifoni muda wote.

Hatua ya 6: Ukungu wa lenzi

Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, kamera ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi lenzi hufunikwa na ukungu papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto la nje. Kufuta hakusaidii, ukungu utarudi.

Hatua ya 7: Rekodi, kisha nakili

Stendi iwe usawa wa macho ya maharusi, na njia ya wahudumu isipite mbele yako. Acha sekunde 5 kabla na baada ya kila tukio. Vuta karibu mara chache, watu wakiwa wametulia.

Usiku huo huo nakili kadi kwenye diski mbili tofauti, fungua faili kadhaa uzitazame hadi mwisho, na kadi usizifomati hadi mteja apokee kazi yake.